Afande wa Chumba cha Kamera

Kitu cha kwanza alichokuambia ni kwamba itauma. Manesi walisema haiumi, daktari alisema utasikia usumbufu kidogo, na jirani yako kwenye benchi alikuwa ameshakuapia kwamba watu hufia humo ndani. Yeye alikuja na ndoo yake, akaiweka chini, akasimama mbele yetu kama askari aliyeamriwa mguu pande, akasema: "Itauma. Kidogo. Kama kukojoa pilipili. Dakika tano, kumi, imeisha. Mimi hapana danganya mutu." Ukimsikia hivyo roho ilitulia. Mtu anayekubali kwamba itauma huenda ni mkweli pia anaposema itaisha.

Tulimwita Afande, wote, kuanzia daktari mkuu mpaka mama aliyeuza chapati nje ya geti. Hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa polisi mstaafu kutoka kaskazini, akaajiriwa kututayarisha sisi wa Jumanne, wagonjwa wa chumba cha kamera. Humo wanapitisha mrija mwembamba wenye taa kwenye njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu, waone kilichomo. Jina la hospitali naliacha. Iko hapa Kampala, kwenye mteremko, na kutoka Bugolobi ninakoishi ni bodaboda moja. Nilikaa kwenye benchi lake miaka minne. Amekufa kwa ugonjwa uleule aliotufundisha kuuwahi mapema, na mimi nilimsaidia kufa. Sisemi hivyo ili nionewe huruma. Kuna kikombe, nami nitakifikia, lakini kwanza nataka mumwone alivyokuwa, maana wengi sasa wanakumbuka kitanda tu.

Darasa lake lilikuwa na vifaa viwili: chupa ya maji ya plastiki iliyochakaa mpaka ikapoteza uangavu, na kipande cha mpira wa dripu. Chupa ni kibofu chako, mpira ni ule mrija. Alituonyesha mpira unavyoingia, unavyofika mahali panapobana, na hapo alinyamaza mpaka kila mtu amtazame.

"Hapa, wewe nataka kufunga. Kila mutu nafunga. Hapana funga. Fanya kama unataka kukojoa. Pumua, toa pumzi nje. Chezesha vidole ya mguu." Kisha alimimina maji mpaka shingo ya chupa. "Sasa maji naingia, ili daktari aone vizuri. Wewe nasikia kama utapasuka. Hiyo ni uongo ya kibofu. Hapana pasuka. Na kama maji namwagika kidogo, hapana omba musamaha. Tambara iko."

Kabla ya kukuruhusu uvue suruali alikuhoji kama mshukiwa. Kuna dawa inayokudhuru? Unameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi? Una sukari? Mkojo umekuwasha wiki hii? Aliyejibu kwamba unamwasha alirudishwa maabara, kwa sababu kamera haiingizwi kwenye kibofu chenye maambukizi. Unaweza kwenda nyumbani na homa ya kukutetemesha kitanda. Wale wa kuchomwa sindano ya usingizi aliwauliza kama wamekula, na hakutegemea jibu. Mzee mmoja mwenye duka Old Kampala aliapa kwamba tangu jana hajagusa kitu. Afande akanyoosha mkono polepole, akamtoa chembe ya mandazi kwenye ndevu, akaiweka juu ya faili lake kama ushahidi. Mzee akarudi wiki iliyofuata.

Mzee huyohuyo ndiye aliyeuliza swali ambalo wanaume wote tulikuwa tunalimeza. "Ssebo, mimi nasikia hii mpila inatoa nguvu ya mwanaume."

"Jana ulikuwa na nguvu?" Afande akamwuliza.

"Jana... kidogo."

"Basi kesho utakuwa na kidogo."

Tulicheka mpaka nesi akachungulia. Katika benchi lile kicheko kilikuwa kitu adimu, na hakuna aliyekitoa ila yeye.

Lakini neno lake kubwa, alilolirudia kila Jumanne, halikuwa la kuchekesha. Lilihusu damu. Wengi wetu tulifika pale kwa sababu tuliona mkojo mwekundu, na wengi tulichelewa kwa sababu wekundu ule ulikatika wenyewe tukashukuru Mungu. Mimi nachanganya rangi kwenye karakana moja ya eneo la viwanda, na mara ya kwanza nilidhani ni vumbi la rangi nyekundu lililoingia mwilini. Ilipokatika nikasahau miezi minne. Wengine walisema ni bitiruti, kwa sababu Kampala nzima inakunywa juisi ya bitiruti kuongeza damu. Afande aliijua orodha yote ya visingizio vyetu. "Damu ya kibofu ni mwizi," alisema. "Nakuja, natoka, narudi. Ikitoka hapana sema amehama. Na mutu akiniambia bitiruti, mimi namuuliza: hiyo bitiruti ulilima wewe?" Kisha aliongeza methali yetu ya siku zote, mficha uchi hazai, akiisema kwa lafudhi yake iliyoifanya isikike kama amri ya gwaride. Baada ya maji kututoka na nguo kuturudi, alitupa maagizo ya mwisho. Tunywe maji mengi. Mkojo utachoma siku moja au mbili na utakuwa na rangi ya waridi, hilo ni la kawaida. Ila ukipata homa na baridi, ukiona mabonge ya damu, ukishindwa kabisa kukojoa, usingoje Jumanne.

Siku yangu ya kwanza alipita kwenye benchi akiuliza kila mmoja, "Mutu yako iko wapi?" Alitaka kila mgonjwa aje na mtu, wa kumshika mkono wakati wa kurudi na wa kusikia maneno ya daktari, kwa sababu mgonjwa, alisema, husikia nusu. Wengine walikuwa na mke, dada, mtoto mkubwa. Mimi familia yangu iko Kakamega. Hapa nina chumba, kazi, kanisa la Jumapili na watu wa kupigana nao utani. Sikuwa nimemwambia hata mmoja. Nikamjibu kwamba sina mtu. Akanitazama kidogo, akaandika kitu kwenye faili langu ambacho baadaye niligundua hakikuwa kitu, ni mstari tu.

"Kale," alisema, yaani sawa kwa Kiganda. "Basi mutu yako ni mimi."

Ndani ya chumba kuna runinga ndogo juu ya kitanda. Daktari anaitazama, na mgonjwa akitaka anaweza kuitazama pia. Mimi nilifumba macho. Afande alisimama upande wa miguu akanishika kidole gumba cha mguu wa kushoto, akakichezesha yeye mwenyewe nilipokuwa nimesahau. Maumivu yalikuwa kama alivyosema, pilipili, wala hayakuzidi. Maji yakaingia, nikaona nitapasuka, sikupasuka. Halafu mkono wake ukaacha kucheza. Ulibaki pale, umenishika, umetulia. Nikajua. Daktari alichukua dakika mbili zaidi kabla ya kusema kuna kiotea, kinyama kilichoota kibofuni, ila mimi nilikuwa nimeshaambiwa na mkono ule.

Ndivyo alivyokuwa na wote. Alikuwa amesimama chini ya runinga ile miaka mingi kiasi kwamba aliona kabla ya daktari. Kiotea kibaya, aliniambia baadaye, kinafanana na uyoga mdogo unaochezacheza majini. Hakuwahi kusema neno mbele ya daktari. Lakini sisi wa zamani tulijua kuusoma mkono wake, na kuna Jumanne nililala pale nikiomba Mungu wangu ule mkono usitulie.

Kwangu walikiwahi. Walikikata, wakaniwekea dawa ndani ya kibofu wiki kadhaa, wakaniambia nirudi kila miezi mitatu, kisha kila miezi sita, maisha yangu yote, kwa sababu kile nacho ni mwizi. Kila niliporudi mtu wangu alikuwa pale. Hata bodaboda ya kunirudisha aliiita yeye na kumwonya dereva juu ya mashimo. Sijui kama nimewahi kushikwa vile na mtu mzima mwingine hapa mjini.

Sasa niseme yale mengine.

Watu wa kwake hawakujua anafanya kazi gani. Aliishi Kibuli na mke wake Mwislamu, yeye akiwa Mkristo wa kaskazini, nyumba ya Idi na Krismasi, na kwa miaka yote hiyo mke aliamini kwamba mume wake ni mlinzi wa geti. Kila asubuhi aliondoka nyumbani amevaa sweta la ulinzi la rangi ya samawati, rungu kiunoni. Akifika alipitia stoo ya mashuka, akavua, akavaa aproni ya kijani, akalificha rungu nyuma ya katoni za glavu. Jioni alilitoa tena. Walinzi wa kweli walijua wakamlinda. Mke alipoleta chakula mara moja bila taarifa, walimwambia Afande yuko doria upande wa nyuma, naye akatokea kweli upande wa nyuma, amevaa sweta juu ya aproni, anahema.

Nilimuuliza kwa nini. Tulikuwa tumesimama nyuma ya jenereta, mahali alipovutia sigara zake, yeye aliyetuambia sote tuache sigara kwa sababu moshi wake unaishia kibofuni.

"Mutu anashika uchi ya wanaume wengine kutwa nzima," alisema. "Anaosha, ananyoa, anapaka dawa ya ganzi. Jioni nakuja kula sahani moja na bibi yake, na wakwe. Wewe unaona sawa?"

"Mimi naona sawa, Afande."

"Wewe ni mugonjwa," akasema. "Mugonjwa naona kila kitu sawa."

Mganga hajigangi, wahenga walisema, na kila mtu akilisikia hilo hucheka. Mimi nilicheka pia. Alitulazimisha kunywa maji, naye alikunywa chai ya rangi tu. Alitukemea tusizuie mkojo, naye alijisifu kwamba enzi zake za trafiki alisimama barabarani toka asubuhi mpaka jioni bila kukojoa hata mara moja. Alisema hapa hakuna haya, vueni, na kisha akaficha rungu nyuma ya glavu. Nilidhani ni vituko vya mzee. Nilivipenda. Nilivisimulia kazini na watu wakavipenda.

Mwaka wa tatu, Jumanne moja, maji yalikatika hospitali nzima. Nilingoja nje ya choo cha wagonjwa, mlango ukafunguka, akatoka yeye. Hakutegemea mtu. Alisimama mlangoni akauziba kwa mwili wake, kisha akaona kwamba haiwezekani kusimama pale siku nzima, akanipisha. Bakuli la choo halikuwa limevutwa kwa sababu hakukuwa na maji ya kuvuta. Lilikuwa jekundu. Si rangi ya waridi, jekundu, na ndani yake mabonge madogo meusi.

Nilipotoka alikuwa bado pale.

"Bitiruti," alisema.

Hakutabasamu, mimi pia sikutabasamu. Nilitaka kumuuliza hiyo bitiruti alilima yeye. Neno lilifika kwenye meno likakaa hapo. Nilikuwa na miaka arobaini na minne, naye ni mtu aliyenishika mguu nikiwa uchi, na sikupata namna ya kumhoji mzee wangu mambo ya choo chake. Niliingia zangu kwenye zamu yangu. Alinishika kidole, akakichezesha mpaka mwisho, na daktari akasema hakuna kitu.

Kabla sijaondoka nilimfuata nyuma ya jenereta. Nilimwambia aingie, alale, daktari ni rafiki yake, ni dakika tano, kumi. Nilitumia maneno yake mwenyewe kwa sababu sikuwa na mengine.

"Na nani atashika mguu?" aliniuliza.

"Mimi."

Alivuta sigara mpaka ikafika kwenye vidole. "Mukenya, mimi nimeona ndani ya watu wengi. Nikilala pale, nitaangalia ile runinga. Sitaweza kufumba macho kama wewe. Nitajua mbele ya daktari. Halafu wale masista, nimefanya nao kazi miaka yote, watanivua. Kisha watampigia bibi yangu simu, watamwambia Afande wa chumba cha kamera ni mugonjwa. Atauliza, chumba gani?"

Nikasema kitu kuhusu uhai kuwa bora kuliko haya. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza taarifa ya redio ya nchi nyingine. Wiki mbili baadaye alinipigia simu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, akaniambia kwa furaha kabisa kwamba imekatika. Mkojo mweupe, siku nne sasa.

"Afande," nilisema, "ni mwizi."

"Najua," akasema. "Lakini hii imehama."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi naye.

Kikombe kilikuja ziara yangu iliyofuata, miezi sita baadaye. Asubuhi kabla ya kamera kila mgonjwa hupewa kikombe cha plastiki chenye mfuniko, akakojoa kidogo, kikapelekwa maabara kuhakikisha hakuna maambukizi. Vikombe alivigawa yeye, na yeye ndiye aliyebandika majina. Alinipa viwili.

"Kimoja ni yangu," alisema. "Wanataka kupima wafanyakazi wote, ile mambo ya mikataba. Nisaidie tu."

Alikuwa amekonda. Sweta lilimpwaya mabegani, na alipoinama kuchukua ndoo aliegemea ukuta kwa mkono mmoja. Niliona yote hayo. Nilijua kwa nini mkojo wake haufai kupelekwa maabara. Nilijua pia kwamba mkataba ukikatika, atabaki kweli na rungu tu. Hayo ndiyo niliyojiambia chooni. Lakini nikisema ukweli kama yeye alivyousema kwenye benchi, sababu ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Katika miaka yote aliyonifanyia alikuwa hajaniomba kitu, hata kiberiti. Sasa ameomba, na alichoomba ninacho, tena kingi. Nilijaza kikombe changu, nikajaza na chake. Vilikuwa sawa kabisa, vyeupe, vyepesi, vya mtu aliyepona. Nilimkabidhi vikiwa bado vya moto.

"Asante, mutu yangu," alisema.

Siku hiyo pia mkono wake haukutulia. Nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Nilikuwa mzima, na mtu mzima hana kumbukumbu. Miezi ilipita nikichanganya rangi. Mara mbili tatu nilitaka kumpigia nikaona nimpigie Jumapili, na Jumapili ikaja na mambo yake. Niliporudi Jumanne ya ziara yangu, benchi lilikuwa limejaa na mbele yake hakuna mtu. Nesi alipita akitugawia karatasi ya maagizo, ya Kiingereza, mistari mingi. Mwanamke aliyekaa karibu nami aliishika kichwa chini miguu juu. Mzee mwingine aliniuliza imeandikwa nini, nikaanza kumsomea, nikajikuta naifanya chupa kwa mikono: hapa utataka kufunga, usifunge. Alikuja mfanyakazi mpya, kijana mzuri, nywele zimekatwa vizuri. "Msiogope, wazee wangu," alisema. "Haiumi hata kidogo." Niliona benchi zima likijikunyata.

Nilimuuliza Afande yuko wapi. Akanionyesha ghorofa ya juu.

Alikuwa amelazwa kitanda cha dirishani, mrija umetoka kwake ukaingia kwenye mfuko uliotundikwa ubavuni mwa kitanda, na mfuko ulikuwa na rangi ambayo sitaieleza. Alikuwa mdogo. Sikujua kwamba mtu mrefu vile anaweza kubaki kidogo vile. Kando yake alikaa mwanamke wa makamo, ushungi mweupe, chupa ya chai miguuni. Nikajua ni mke wake wa Kibuli, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kweli.

"Wewe ni nani, baba?" aliniuliza.

"Nilikuwa..." Nilimtazama Afande. Alikuwa ananitazama. "Tunafahamiana pale getini, mama."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Getini. Baba, mimi nilifua nguo za huyu miaka kumi na moja. Mlinzi gani ananuka dawa ya ganzi? Mlinzi gani ana kucha safi hivi?" Aliuinua mkono wa mumewe akanionyesha kucha. "Nilijua mwaka wa kwanza. Nilisema, kama anaona haya, mimi ni nani kumvua? Nikanyamaza. Nilikuwa naona fahari, nikimwambia Mungu peke yake."

Afande aligeuza uso dirishani. Sijui kama alikuwa amelisikia hilo kabla ya siku ile. Nadhani hakuwa amelisikia. Miaka kumi na moja ya rungu nyuma ya katoni.

Daktari, mama alisema, anasema uvimbe umepenya nyama ya kibofu na umeziba figo zote mbili. Kukata hakuwezekani tena. Anasema ungeonekana mwaka mmoja nyuma ungekuwa jambo jingine. "Hilo ndilo siwezi kulielewa," alisema, akafungua mkoba wake. "Kwa sababu mimi niliona. Nafua mashuka, nafua suruali, damu naijua. Mwaka jana nilimwambia, nenda ukapimwe, la sivyo narudi kwetu. Akaenda. Akaniletea hii."

Aliikunjua karatasi ya maabara juu ya goti lake, akailainisha kwa kiganja. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi, mikunjo imechakaa. Jina lake lilikuwa juu. Chini kulikuwa na safu za vipimo, na kwenye mstari wa damu wameandika hakuna. Tarehe ilikuwa ya ziara yangu.

Hapakuwa na mambo ya mikataba. Hospitali haikuwa imetaka kumpima mtu.

"Nikamwamini," alisema mama. "Niliposoma hii nililia kwa furaha. Nikaacha kumsumbua. Alipokonda nikasema ni uzee. Damu ilipotoka tena akaniambia ni bitiruti, na mimi nikasema, karatasi si ipo?" Alinitazama. Macho yake hayakuwa na shaka yoyote nami, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Wewe baba unajua mambo ya hospitali. Hii karatasi inaweza kudanganya?"

Nilikuwa nimesimama upande wa miguu. Sikumbuki nilipoushika mguu wake, lakini nilikuwa nimeushika, juu ya shuka, kidole gumba cha kushoto. Ulikuwa wa baridi. Ningeweza kusema. Mtu aliyenifundisha kusema itauma alikuwa amelala mbele yangu, na kama kungekuwa na mahali pa kutodanganya mtu ni pale. Nilimtazama usoni ili aniamuru. Alitikisa kichwa, kidogo sana, na sijui mpaka leo kama alikuwa ananiambia nisimwambie au alikuwa amechoka.

"Mashine hukosea, mama," nilisema. "Mara moja moja."

Kisha akaikunja karatasi tena kwa mikunjo yake ileile, akaninyooshea.

"Ichukue. Sitaki ikae nyumbani kwangu. Ichome mahali."

Aliniwekea chai, nikainywa kwa sababu sikujua namna ya kukataa. Afande alisema sentensi moja tu muda wote ule, wakati nikiaga. Aliniuliza kama leo nimeshaingia kwenye kamera. Nikamwambia bado, zamu yangu inakuja. Akasema, "Nani atashika mguu?"

Niliteremka kwenda kwenye zamu yangu.

Alikufa siku tisa baadaye. Msibani, kwenye turubai, wazee wawili nyuma yangu walinong'ona kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilisimama nikaenda kukaa kwingine. Bado naenda Jumanne zangu. Kijana yule bado anasema haiumi. Nafumba macho, nachezesha vidole mwenyewe, na daktari anasema hakuna kitu. Karatasi sikuichoma. Iko ndani ya Biblia yangu, imekunjwa alivyoikunja mama. Juu ina jina lake, na chini yake ni mkojo wangu.